Serikali Inadhani Mwanao Anachangia Pango

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi kwenye mkutano wa familia zetu hapa mashariki mwa London. Wengi mlikuwa zamu, wengine mlikuwa arusini Leicester, mkaomba muwekewe yote. Nimeyaacha kama yalivyotoka.

Mama zangu, wazee wangu, ndugu zangu. Assalamu aleikum. Bwana asifiwe. Na wale wa habari za jioni, habari za jioni.

Nimepewa nusu saa, na mwenyekiti ameshaninong'oneza kwamba wali unapoa. Basi nianze na swali. Nani hapa ana mtoto aliyetimiza miaka 18 na bado analala nyumbani kwake? Inueni mikono, msione haya. Tazama! Nusu ya ukumbi. Haya, shusheni. Sasa wainue wale ambao mtoto huyo hutoa kitu kila mwezi kwa ajili ya pango. Sisemi kanzu ya Idi, sisemi keki ya Krismasi. Nasema pango. Naona mikono minne, na mmoja ni wa mume wangu, naye anadanganya.

Kwetu mtoto hafungashi virago kwa sababu ametimiza miaka 18. Anaondoka akioa, akiolewa, au akipata kazi mji mwingine, na hata hapo chumba chake hubaki chake. Na huku nako, kwa bei hizi za nyumba, watoto wa Waingereza wenyewe wanarudi kwa mama zao wakiwa na ndevu. Kwa hiyo sikuja kuwaambia muwafukuze watoto. Nimekuja kuwaambia jambo moja tu, na nitalirudia mpaka mlichoke: serikali inadhani mwanao anachangia pango. Haimuulizi yeye. Haikuulizi wewe. Inadhani tu, kisha inakata kwenye msaada wako wa nyumba kiasi kile inachodhani amekupa.

Je, amekupa?

Kwenye barua utakuta neno gumu: nondipendanti, wao huliandika non-dependant. Maana yake ni mtu mzima anayeishi nawe na ambaye hakutegemei. Cheka tu, mama! Hakutegemei, na asubuhi umefungua friji ukakuta limau moja na chupa ya maji. Lakini sheria ndivyo inavyomwita. Na si mtoto peke yake. Kaka yako aliyekuja kwa wiki mbili na sasa ana mwaka, huyo naye. Mama mkwe, huyo naye. Mkeo au mumeo hahesabiwi humo. Kijana ambaye bado yuko sekondari au koleji na Child Benefit yake, ile posho ya mtoto, inaendelea, bado ni mtoto wako, haguswi. Aliyesaini mkataba wa nyumba pamoja nawe, huyo ni mpangaji mwenzako na hesabu yake ni nyingine.

Na kabla mjanja mmoja hajaniuliza: hapana, huwezi kumwandikia mwanao mkataba wa kubandika kwamba ni mpangaji wako wa chumba. Ndugu wa karibu anayeishi nawe atabaki nondipendanti hata akikulipa kila Ijumaa.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo watu wanapoharibikiwa. Misaada ya nyumba iko miwili, na kanuni zake hazifanani. Kuna benefiti ya nyumba ya zamani, Housing Benefit, ile ya kaunsili, yaani serikali ya mtaa, ambayo leo wengi walio nayo ni wazee waliofika umri wa pensheni, na watu walio kwenye makazi ya muda au nyumba za usaidizi. Na kuna Universal Credit, ya watu wa umri wa kufanya kazi, ambamo pesa ya pango imo ndani kwa ndani. Jirani akikwambia "mimi mwanangu hawakunikata kitu", usimkasirikie na usimwige. Muulize kwanza: uko kwenye ipi? Kwenye ya kaunsili, makato huanza mtoto akiwa na miaka 18, na hutegemea mshahara wake. Kwenye Universal Credit huanza akitimiza 21, na mshahara wake hauangaliwi kabisa.

Nitaanza na ya kaunsili, kwa sababu ndiyo iliyomliza mama mmoja ambaye ameniruhusu kusimulia habari zake. Ameketi humu, lakini msigeuze shingo.

Ni mama wa Tanga, ana miaka 68. Anaishi kwenye fleti ya kaunsili, vyumba viwili. Pango lake mwaka ule lilikuwa pauni 130 kwa wiki, na kwa kuwa anapata Pension Credit, nyongeza ya wazee wenye kipato kidogo, benefiti ya nyumba ilikuwa inalipa pango lote. Kijana wake akamaliza chuo kikuu, akakosa kazi ya fani yake, akarudi kwa mama na masanduku mawili na mmea ndani ya kopo. Akapata kibarua dukani, saa 20 kwa wiki. Kijana mzuri, ana adabu, hana maneno mengi.

Mama akaijulisha kaunsili. Alifanya sawasawa. Kaunsili ikamwandikia: tuletee hati za mshahara za mwanao. Barua ile mama akaisoma mpaka mstari wa pili, akaikunja, akaitia kwenye droo ya jikoni, ile yenye betri kuukuu, uzi, na karatasi za oda za kuku. Mnaijua droo hiyo. Hakuna nyumba yetu isiyo na droo hiyo.

Mwezi ukapita, benefiti haikubadilika. Miezi mitatu, haikubadilika. Miezi mitano. Mama akasema moyoni, wamesahau hawa. Hawakusahau! Kuna kanuni kwamba mwenye benefiti hiyo, au mwenzake, akiwa na miaka 65 au zaidi, kisha mtu mzima akahamia kwake, makato husubiri wiki 26 ndipo yaanze. Nusu mwaka. Ni huruma ya sheria, sikatai, lakini ni huruma inayolaza watu usingizi.

Wiki ya 27 ikaja barua. Benefiti ya nyumba, kutoka pauni 130 kwa wiki, sasa ni pauni 5 na senti 45.

Nirudie? Pauni 5 na senti 45.

Ilikuwaje? Kaunsili isipopata ushahidi wa kipato cha mwanao, haisemi "masikini, pengine hana kitu". Inachukua kiwango cha juu kabisa. Mwaka wa fedha 2024/25, kiwango cha juu kilikuwa pauni 124.55 kwa wiki, na kinamhusu mtu mzima anayefanya kazi saa 16 au zaidi na kupokea pauni 554 au zaidi kwa wiki kabla ya kodi. Kwa hiyo kijana wetu wa duka, kwenye makaratasi, alikuwa bosi! Alikuwa na mshahara ambao yeye mwenyewe hajawahi kuuona hata ndotoni.

Ukweli wa mambo ulikuwa huu. Saa 20 kwa kima cha chini cha mwaka ule kwa mtu wa miaka 21 na kuendelea, pauni 11.44 kwa saa, ni pauni 228.80 kwa wiki. Mwenye kipato kati ya pauni 176 na chini kidogo ya 256 alikuwa anakatiwa pauni 44.40. Toa hesabu: mama alikuwa anaumizwa pauni 80.15 kila wiki kwa sababu ya karatasi tatu ambazo kijana angeweza kuzipiga picha kwa simu akiwa kitandani.

Mama alipokuja kwetu, kwenye meza yetu ya ushauri, hakuja na barua. Alikuja na droo. Ndiyo, droo yenyewe, ndani ya mfuko wa sokoni, na betri zake. Tukaipata barua ya uamuzi, na bahati yake ilikuwa bado hajamaliza mwezi mmoja tangu tarehe iliyoandikwa juu. Mwezi mmoja, jamani. Huo ndio muda wa kuomba uamuzi uangaliwe upya au kukata rufaa, na huhesabiwa tangu tarehe ya barua, si tangu siku uliyoifungua. Tukapeleka hati za mshahara, makato yakarudi pauni 44.40, tena tangu mwanzo.

Kijana tukamwita. Akaisoma ile barua amesimama. Akamgeukia mama yake akasema, "Mama, mbona hukuniambia?" Mama akasema, "Nikuambie nini, nikudai?"

Hapo hapo nikajua nitakuja kusimama mbele yenu.

Lakini hadithi haikuishia hapo, na sehemu hii muitie akilini. Wakati tunaongea, nikaona mama anashika meza ili ainuke. Nikamuuliza, mama, nani anakusaidia kuoga? Akaona aibu, akasema magoti tu, ni uzee. Nikamuuliza tangu lini. Tangu mwaka juzi. Mama huyu alistahili Attendance Allowance, posho ya wazee wanaohitaji kusaidiwa mwili, na hakuna aliyewahi kumwambia! Tuliijaza fomu, kurasa nyingi, kwa vikao viwili na birika zima la chai. Akapata. Na mwenye benefiti akipata Attendance Allowance, au PIP, posho ya ugonjwa au ulemavu, kwa upande wa maisha ya kila siku, au DLA, ile posho ya ulemavu ya zamani, kwa upande wa matunzo, au akiwa haoni, makato ya nondipendanti yanafutwa yote. Awe na mtoto mzima mmoja, awe nao watatu, mshahara wowote. Mwenzi wako akiwa na mojawapo, ni vilevile. Na kwenye Universal Credit pia ni vilevile, ila huko DLA ya matunzo iwe ya kiwango cha kati au cha juu.

Kwa hiyo kabla hujamgombeza mtoto, jitazame mwenyewe. Una ugonjwa? Unasaidiwa kuvaa, kupika, kuoga? Sisi tuna tabia ya kusema "tunashukuru, si haba" hata mguu ukiwa umevimba kama gunia. Shukuru, lakini jaza fomu.

Mengine ya kaunsili nitayapitia mbio. Mtoto mzima asiye na kazi, au anayefanya kazi chini ya saa 16, alikuwa anakatiwa kiwango cha chini, pauni 19.30 kwa wiki mwaka ule. Viwango hupanda kidogo kila Aprili. Akiwa chini ya miaka 25, yuko kwenye Universal Credit na hana mshahara wowote, hakuna makato. Akiwa mwanafunzi wa muda wote, hakuna makato, ila angalieni likizo ya kiangazi: mwenye benefiti akiwa hajafika miaka 65, na mwanafunzi akafanya kazi saa 16 au zaidi kwa wiki, makato yanaweza kuingia kipindi hicho. Basi.

Twende Universal Credit. Hapa hesabu ni nyepesi na ni kali. Mwaka wa fedha 2025/26 makato yalikuwa pauni 93.02 kwa mwezi kwa kila mtu mzima wa miaka 21 na kuendelea. Anapokea elfu tatu kwa mwezi, pauni 93.02. Hana hata nauli ya basi, pauni 93.02. Mwenye kijana anayelipwa vizuri anapumua. Mwenye binti anayetafuta kazi tangu Januari, kazi anayo.

Baba mmoja, mzaliwa wa Bukavu, alipokea makato hayo miezi saba. Binti yake ana miaka 22, alirudi nyumbani na mjukuu wa miaka mitatu baada ya mambo kuharibika huko alikokuwa. Baba akajaza mtandaoni kwamba binti amehamia. Vizuri. Kisha akakatwa. Akakaa kimya kwa sababu alidhani ndiyo sheria, na sheria ukiwa mgeni huibishii. Alikuja kwetu kwa jambo lingine kabisa, mita ya gesi, na mjukuu akiwa mgongoni. Nikamuuliza, huyu ni wa nani? Wa binti yangu. Anaishi nanyi? Ndiyo. Ana miaka mingapi?

Nilitamani kulia. Kwenye Universal Credit, mtu mzima anayelea mtoto wa chini ya miaka mitano hakatiwi. Wala hakatiwi yule anayepata PIP ya maisha ya kila siku, au Carer's Allowance, posho ya anayemtunza mgonjwa, au Pension Credit, au aliye gerezani. Baba alimwandika binti, mjukuu hakumtaja kwa sababu hakuna aliyemuuliza kwa namna aliyoielewa. Tukaandika kwenye akaunti yake, makato yakakoma. Lakini miezi saba mara 93.02 ni pauni 651.14, na kuzirudisha za nyuma ni vita vingine, kwa sababu jambo la kukuongezea ukichelewa kulisema, kwa kawaida linahesabiwa kuanzia uliposema. Semeni mapema. Semeni na habari za mjukuu.

Na hapa ziko tofauti za kuchekesha kama si za kuliza. Mtoto wako mwenyewe akiwa na PIP, kwenye Universal Credit hukatwi kwa ajili yake. Kwenye benefiti ya kaunsili, PIP yake yeye haikuokoi; inayokuokoa ni yako au ya mwenzako. Nani alipanga hivi? Msiniulize mimi.

Sasa nije kwa dada zangu wenye hasira. Dada mmoja wa Mombasa, miaka 51, yuko Universal Credit, anakaa nyumba ya vyumba viwili ya shirika la nyumba. Alipoona makato ya kijana wake wa miaka 22, akamwambia: hama. Kwa hasira ya siku moja! Kijana alikuwa anampa mama pauni 150 kwa mwezi, tena bila kuulizwa. Akahama, akapanga chumba Croydon kwa pauni 650.

Dada akangoja ile 93.02 irudi. Ikarudi. Lakini chumba cha kijana sasa ni kitupu, na tangu Aprili 2013 mtu wa umri wa kufanya kazi kwenye nyumba ya kaunsili au ya shirika akiwa na chumba cha ziada hukatwa asilimia 14 ya pango, na vyumba viwili au zaidi, asilimia 25. Watu wanaiita kodi ya chumba cha kulala. Kijana alipokuwepo alihesabiwa chumba chake. Alipotoka, chumba kikawa cha ziada. Pango la dada ni pauni 120 kwa wiki, yaani 520 kwa mwezi. Asilimia 14 yake ni pauni 72.80.

Hesabu imeonekana? Alifuta makato ya 93.02, akaletewa ya 72.80. Amepata faida ya pauni 20 na senti 22 kwa mwezi. Amepoteza pauni 150 za mwanawe. Na mwanawe anamlipa mtu baki pauni 650. Familia nzima imekuwa masikini zaidi kwa sababu ya hasira ya Jumanne! Kijana alirudi kabla ya Ramadhani, na mama alimpikia biriani bila kusema neno. Sisi tuliozoea mama zetu tunajua biriani ile ilikuwa inasema nini.

Wazee waliofika umri wa pensheni hawakatwi hiyo ya chumba. Kwa hiyo ushauri wa dada huyu na ushauri wa mama wa Tanga haulingani. Narudi palepale: uko kwenye ipi?

Kuna wale wanaonitazama kwa jicho la pembeni wakisema, mimi nitanyamaza tu, nitasema mwanangu haishi hapa. Nawajua, na nawapenda. Lakini mwanao leseni yake ya udereva ina anwani gani? Benki? Daktari? Mkataba wa simu? Daftari la wapiga kura? Vyote viko kwako, na idara hizi siku hizi zinalinganisha taarifa zao. Wakigundua, watadai kila pauni uliyolipwa zaidi, na wanaweza kuongeza faini ya pauni 50 kwa uzembe tu, kabla hawajafika kwenye neno udanganyifu, ambalo ni la mahakamani. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Na kuna kinyume chake, watu wanaokatwa kwa ajili ya mtoto ambaye hayupo. Mama mmoja mzee, kijana wake alipata kazi Doha mwezi wa pili. Kwaheri, machozi, uwanja wa ndege, picha. Mwezi wa tisa bado anakatwa kwa ajili ya mtu aliye Doha. Kaunsili ingejuaje? Mtoto akihama, kaunsili iambiwe wiki hiyo hiyo. Weka tiketi yake, weka mkataba wake mpya, chochote.

Kodi ya kaunsili nayo, kwa sekunde chache. Mtu mzima anayeishi peke yake hupunguziwa asilimia 25. Mtoto akitimiza 18, Child Benefit ikakoma, na akawa si mwanafunzi wa muda wote, punguzo hilo linaondoka. Wenye nafuu zaidi ya kodi hiyo kwa sababu ya kipato kidogo, mnaweza kukatwa humo pia. Kila kaunsili ya England ina mpango wake kwa watu wa umri wa kazi, kwa hiyo ulizeni ya kwenu.

Sasa nimefika pale nilipotaka kufika tangu mwanzo. Mazungumzo na mtoto.

"Nikuambie nini, nikudai?" Nimeyasikia maneno haya kwa Kiswahili cha Tanga, cha Mombasa, cha Bujumbura na cha Bukavu. Tunaona kumwomba mtoto pesa ya pango ni kujidhalilisha, ni kama kumhesabia maziwa uliyomnyonyesha. Lakini hebu niambieni: hata mgeni, siku mbili, siku ya tatu si hupewa jembe? Na huyu si mgeni. Huyu ni mwenye nyumba wa kesho. Kumficha barua ni kumwambia kwamba hajakua.

Na wao mara nyingi hawajui! Kijana anadhani mama "analipiwa na serikali". Anatuma pauni 50 kwa bibi Tanga kila mwezi, anatoa mchango wa arusi, anatoa sadaka, na hapo hapo mama yake anakosa umeme kwa ajili yake, na hajui. Si mtoto mbaya. Ni mtoto asiyeonyeshwa barua.

Mimi mwenyewe nilimkalisha binti yangu. Si siku ya Ijumaa mbele ya binamu zake, wala si wakati wa ugomvi. Asubuhi, chai, maandazi. Nikaweka barua mezani, nikaweka kidole kwenye namba, nikasema: hii hapa wanadhani unanipa. Akaitazama. Akatoa simu, akaniuliza namba ya akaunti, akapanga pesa ziende zenyewe siku moja baada ya mshahara. Dakika mbili. Mimi nilikuwa nimepoteza usingizi wiki tatu nikitafuta maneno. Na ndiyo maana mume wangu aliinua mkono. Binti anamlipa mama, baba anajipa sifa.

Jambo moja la kuwatuliza: anachokupa mwanao kwa ajili ya kuishi kwako hakihesabiwi kama kipato chako. Nasema tena kwa sababu wengi mnaogopa hili. Akikupa pauni 100, hukatwi kwa sababu amekupa pauni 100. Umeshakatwa tayari! Kwa hiyo usikatae pesa yake kwa kuogopa kaunsili.

Kiasi gani? Anzeni na kile kilichokatwa. Kijana wa mama wa Tanga alianza na pauni 44.40 kwa wiki, sawa na pauni 192.40 kwa mwezi, mpaka Attendance Allowance ya mama ilipoingia na makato yakafutika. Mama akamwambia aache. Akakataa kuacha. Hayo ni yao.

Na asiye na kazi? Kwanza aombe Universal Credit yake mwenyewe. Vijana wetu wengi hawaombi, wanaona haya, au wanaona ni shughuli. Mwaka wa fedha 2025/26 mtu mmoja wa chini ya miaka 25 alikuwa anapewa pauni 316.98 kwa mwezi. Atoe 93.02 humo na zaidi ya robo yake imekwenda, najua inauma. Ikishindikana kabisa, mwombeni kaunsili msaada wa ziada wa pango. Ni pesa ya hiari, wanaweza kukataa, na ina mwisho, lakini pengo linaloletwa na nondipendanti ni sababu inayokubalika kuiombea. Ombeni kabla deni la pango halijakua. Mwenye nyumba hataki kusikia habari za nondipendanti. Yeye anamdai aliyesaini mkataba, na aliyesaini ni wewe.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Naona mzee pale nyuma ameinua mkono. Anauliza: na mwanangu ameoa, na mkewe yuko kwangu pia, nitakatwa mara mbili? Mzee wangu, wewe uko kwenye ya kaunsili, sivyo? Basi kwa mume na mke hukatwa mara moja tu, kwa kuangalia kipato chao wote wawili pamoja. Hongera ya mkwe.

Meza yetu iko pale karibu na birika la chai. Leteni barua ya mwisho ya benefiti, hati tatu za mshahara za mtoto, na cheti cha kuzaliwa cha mjukuu kama yupo. Leteni barua ambazo hamjazifungua. Hasa hizo. Atakayewapokea na kuwafungulia bahasha ni mama wa Tanga mwenyewe, na ameniomba niwaambie: msije na betri.